Mnara wa kupanda kwa farasi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu anasoma Sevilla, Hispania, na amenikatia tiketi nikamtembelee Desemba. Anasema nisipopanda mnara wa kanisa kuu la huko nitakuwa sijafika. Magoti yangu mabovu, ngazi za ghorofa moja tu nahema. Tena jirani yangu anadai mnara huo ulikuwa wa msikiti. Ni kweli? Na humo ndani nitazame nini?
Mama wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Jirani yako hajakosea, na bahati nzuri usilamu wa mnara huo ndio utakaoyanusuru magoti yako. Giralda, ndilo jina lake, ulijengwa kati ya 1184 na 1198, zama za Almohad, watawala wa Kiislamu waliotoka Moroko, kwa ajili ya adhana. Ndani hawakuweka ngazi. Waliweka njia ya matofali inayopanda polepole ikizunguka kuta, mizunguko 35, pana kiasi cha muadhini kupanda juu ya farasi, ndivyo wasimulivyo wenyewe. Mizunguko imeandikwa namba. Mimi nilipumzika namba 12, nikapumzika tena 23, kila mara nikijidai natazama mandhari dirishani. Vidato utavikuta vichache tu, mwishoni kabisa.

Mfalme Mkristo, Fernando wa Tatu, aliutwaa mji mwaka 1248, na kwa miaka mia na hamsini hivi watu walisali misa ndani ya msikiti uleule. Mwaka 1401 mapadri wakaamua kujenga upya, wakaubomoa ukumbi wa swala, lakini mnara na ua hawakuvigusa. Sehemu ya kengele, kule juu, iliongezwa baadaye na msanifu majengo Hernán Ruiz, 1558 hadi 1568. Ukisimama chini unauona mpaka wenyewe: chini nakshi za matofali kama jamvi lililosukwa, juu mambo ya Ulaya.

Ule ua wanauita Ua wa Michungwa. Usidanganyike, mama, ukachuma: ni madanzi yale! Desemba yatakuwa yameiva, yamening'inia mekundu ya kutamanisha. Nililionja moja, nikalitema. Kabla hujatoka uani, angalia milango ya upande wa kaskazini. Imevikwa vibati vya shaba, na ukisogea karibu utaona maandishi ya Kiarabu, hati ya Kikufi, mwandiko wa kale wenye pembe pembe, kwenye mlango wa kanisa.

Pembeni ya ua inua macho darini. Pananing'inia mamba na pembe ya ndovu. Husimuliwa kwamba mamba aliletwa akiwa hai na sultani wa Misri, zawadi kwa Mfalme Alfonso wa Kumi, karne ya 13. Huyo wa sasa ni wa mbao.

Nyuma ya altare kuu kuna ukuta mzima wa sanamu zilizopakwa dhahabu, kazi iliyoanza 1482 ikaisha 1564. Wageni wote hujazana hapo. Mimi shingo iliniuma tu. Afadhali uende kwenye kikanisa cha Mtakatifu Antoni, ukaone picha ya mchoraji Murillo ya 1656: mtakatifu amepiga magoti, Mtoto Yesu anamshukia katika mwanga. Mwaka 1874 mwizi aliingia na kisu akamkata Antoni peke yake, akaacha tundu. Mwaka uliofuata Antoni akazuka New York! Muuza picha mmoja alimnunua kwa dola 250, akamkabidhi kwa ubalozi mdogo wa Hispania, akarudishwa na kuungwa mahali pake. Kodoa macho, utauona mshono.

Nirudi kwenye magoti. Kupanda si kazi, kazi ni kushuka, maana mwinamo unakusukuma. Mimi mizunguko ya mwisho niliishuka kinyumenyume nimeshika ukuta, watoto wa shule wa Kihispania wakanicheka mpaka mlangoni. Mwambie mwanao atangulie mbele yako.