Usianze kwa kuondoa banjo: Taylor Swift alivyotoka kantri akaingia pop

Mtunzi mchanga anayetaka kuhama kutoka kantri kwenda pop huanza na ala: anatoa banjo na fidla, anaweka kinanda cha umeme na ngoma za kompyuta, kisha anashangaa wimbo haukamati huku wala kule. Msikilize mwimbaji wa Marekani Taylor Swift albamu kwa albamu, kuanzia ya kwanza ya Oktoba 2006 hadi ile iitwayo 1989, ya Oktoba 2014. Utagundua ala zilikuwa kazi nyepesi kuliko zote. Kazi ngumu ilikuwa kwenye melodia, idadi ya maneno, na watu aliokaa nao studio.

Ushahidi uko kwenye "Love Story" ya 2008. Redio za pop zilipelekewa miksi nyingine (toleo lenye mpangilio tofauti wa ala na sauti) iliyopunguzwa vionjo vya kantri, lakini uimbaji na melodia ni vile vile. Wimbo ukaongoza kwa wasikilizaji wa pande zote mbili, kwa sababu kiitikio chake kilikuwa cha pop tangu kilipotungwa kwa gitaa. Mwimbaji wa kantri Shania Twain alikuwa ameshaonyesha jambo hilo kwa upana zaidi mwaka 2002: albamu yake Up! ilitoka katika miksi tatu za nyimbo zile zile 19, ya kijani kwa kantri, nyekundu kwa pop, na ya bluu kwa soko la kimataifa. Tafuta wimbo mmoja katika miksi zote tatu uusikilize kwa hedifoni. Ni darasa la bure, na linafundisha kuliko video nyingi za mafunzo.

Basi anza na kiitikio. Rekodi wimbo wako kwa simu, gitaa na sauti tu. Kisha imba kiitikio bila maneno, kwa "na na na". Ikiwa bila maneno hakishikiki, hakuna sintesaiza itakayokiokoa. Pima pia mwinuko kwa solfa, kama kwaya zinavyofanya: ubeti ukizunguka kati ya do na so, kiitikio kianzie so na kiguse do ya juu. Makosa ya kawaida ni ubeti kumaliza noti zote za juu, kiitikio kikifika hakina pa kupanda. Dawa yake ni kushusha ubeti. Kupandisha ufunguo (key) wa wimbo mzima hakusaidii, maana pengo linabaki lile lile.

Halafu maneno. Kantri ya Nashville, mji wa Marekani ulio kitovu cha muziki huo, ni hadithi: ubeti wa kwanza unaweka watu na mahali, wa pili unasogeza tukio, na kiitikio cha mwisho mara nyingi hubadili maneno ili kumaliza kisa. "Love Story" inafanya hivyo hasa, na juu yake inapandisha ufunguo kabla ya kumalizia. Max Martin, mtayarishaji wa Sweden aliyeibeba sehemu kubwa ya hatua iliyofuata, hutanguliza melodia na kutaka mistari inayolingana iwe na silabi sawa. Hapa mwandishi wa Kiswahili ana mtaji ambao wengi hawautumii. Kama unajua kuhesabu mizani nane kwa nane, hesabu kiitikio chako vivyo hivyo. Mstari wa kwanza ukiwa na mizani 8 na wa pili 9, mwimbaji atabana silabi mbili kwenye noti moja, na msikilizaji atajikwaa hapo kila mara bila kujua sababu.

Hii haimaanishi kutupa hadithi. "Blank Space", wimbo wa albamu ya 1989, bado una mhusika anayejisimulia, tena kwa kejeli, lakini maelezo yanakaa kwenye beti na kiitikio hakibadiliki. Biti ni nyepesi, mapigo kama 96 kwa dakika, na ndani ya kiitikio kuna mlio mdogo wa kalamu inayobonyezwa. Kitu kidogo sana, lakini kila mtu anakikumbuka.

Katika "Shake It Off", wa albamu hiyo hiyo, mfuatano wa kodi (chords) tatu za gitaa (La ndogo, Do, Sol kwa hesabu ya noti za kudumu, yaani Am, C, G) unajirudia mwanzo hadi mwisho, kwa mapigo 160 kwa dakika. Kodi zikikaa palepale, mabadiliko lazima yatoke kwingine: ngoma kukatika, saksafoni kuingia, sauti kuongezeka tabaka, au kimya cha nusu sekunde. Chora wimbo wako kwenye karatasi kwa vipande vya mizunguko 4 au 8, uandike kando ya kila kipande ni nini kimeingia na nini kimetoka. Vipande viwili vikifuatana bila mabadiliko yoyote, hapo ndipo mtu ataruka wimbo.

Kasi ya kuhama nayo ina hesabu yake. Speak Now ya 2010 aliiandika peke yake yote, kwa hiyo alipoanza kushirikiana na watunzi wa pop, kalamu yake ilikuwa imeshajulikana. Red ya 2012 ilikuwa na nyimbo 16, na alizotengeneza na Max Martin na mtayarishaji mwenzake Shellback ni 3 tu. Moja kati ya hizo, "We Are Never Ever Getting Back Together", ikampa nafasi ya kwanza kwenye Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, kwa mara ya kwanza. Wapo waliolalamika kwamba albamu ile haijui inaelekea wapi. Kwa maoni yetu mchanganyiko huo ndio uliokuwa akili: jaribio likifeli, umepoteza nyimbo tatu, hujapoteza wasikilizaji. Katika albamu ya 1989 uwiano uligeuka. Martin akashiriki nyimbo 7 kati ya 13, na Nathan Chapman, mtayarishaji wake tangu Nashville, akabaki na mmoja, "This Love". Ukiwa na EP (albamu fupi) ya nyimbo tano, jaribu mtindo mpya kwenye mmoja, usizidi miwili.

Toleo refu la 1989 lina rekodi tatu za sauti zinazoonyesha nyimbo zilivyoanza: "Blank Space" kwa gitaa, "I Know Places" kwa piano, na "I Wish You Would" juu ya biti aliyoileta mtayarishaji Jack Antonoff. Njia ya tatu ndiyo inayowatega wanaoanza, maana unaishia kuimba noti zile zile ambazo kinanda tayari kinapiga. Zima kinanda, acha ngoma na besi, imba irabu tu kwa mizunguko kadhaa, kisha rudisha kinanda usikilize panapogongana.

Kwenye kurekodi, kantri huiacha sauti moja mbele, na mikwaruzo yake inasamehewa. Kiitikio cha pop hujengwa: sauti kuu katikati, nakala mbili (mistari ile ile ikiimbwa upya) kushoto na kulia, chini kwa desibeli 8 hadi 12, kisha sauti ya pili na ya tatu. Nakala zisipolingana, herufi s na t zitasikika mara tatu. Zikate kwenye nakala uziache kwenye sauti kuu pekee.

Mwisho ni karatasi, yaani mikataba. Swift aliweza kurekodi upya albamu zake kuanzia 2021, baada ya rekodi za zamani kuuzwa pamoja na lebo, kampuni iliyozitoa, mwaka 2019, kwa sababu utunzi ulikuwa wake na kizuizi cha mkataba kilikuwa kimekwisha. Umiliki wa utunzi na umiliki wa rekodi ni vitu viwili, na mkataba uvitaje kila kimoja kivyake, pamoja na miaka ya kuzuiwa kurekodi upya. Ukiingia pop utakaa chumbani na watunzi wawili au watatu. Andikeni asilimia za kila mmoja siku hiyo hiyo, msaini, ndipo mpeleke wimbo kwenye ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya.