Je, kisa cha Fatima binti Abdulmalik kinampa mume haki ya dhahabu ya mkewe?

SWALI: Mume wangu ana deni la duka na anataka niuze bangili na mkufu alionipa kuwa mahari. Niliposita, akanisikilizisha mawaidha ya mhadhiri mmoja anayesema kwamba Fatima binti Abdulmalik alimkabidhi mumewe, Umar bin Abdulaziz, vito vyake vyote, na mke asiyefuata mfano huo ni nashiza, yaani mke anayemwasi mumewe. Ni kweli? Sina raha tangu siku ile.

JIBU: Dada yangu, bangili ni zako, mkufu ni wako, na kusita kwako si uasi. Naanza na hilo moyo wako utulie.

Kinachoniuma ni kuona sifa ya mwanamke yule ikigeuzwa fimbo ya kuwachapia wenzake. Fatima alikuwa mjukuu wa khalifa, binti wa khalifa na mke wa khalifa, na ndugu zake wanne, Walid, Sulayman, Yazid na Hisham, wote walitawala. Vito vile alipewa na baba yake, Abdulmalik bin Marwan. Havikuwa mahari. Umar aliposhika uongozi mwaka 99 Hijria (717) aliona mali nyingi ya ukoo wao imetoka katika haki za Waislamu, akaanza kurudisha yaliyokuwa mikononi mwake mwenyewe. Ndipo akamwambia mkewe achague: avirudishe Baitulmali, hazina ya Waislamu wote, au waachane. Akamchagua mumewe.

Mhadhiri huyo amekiachia kisa njiani. Umar alipofariki mwaka 101, Yazid alimwambia dada yake kwamba akitaka atamrudishia vito vyake. Kumbe vilikuwa bado vipo! Umar hakulipia deni lake hata kipuli kimoja. Na Fatima alikataa, akisema hawezi kumtii akiwa hai kisha amwasi akiwa amekufa.

Imesimuliwa pia kwamba Umar alipokuwa mgonjwa, Maslama, ndugu mwingine wa Fatima, aliona kanzu yake ina uchafu, akamwambia dada yake aifue. Aliporudi akaikuta vilevile. Fatima akamjibu kuwa, wallahi, hana nyingine. Anayetaka kuwa Umar mbele ya dhahabu ya mkewe na aanzie hapo.

Ama hukumu, Qur'ani imeshaikata. Suratun Nisaa aya ya 4 inahalalisha mume kula katika mahari pale tu mke anapompa kwa radhi ya nafsi yake. Aya ya 20 inakataza kuchukua chochote hata kama alipewa mrundo wa mali. Radhi inayotolewa kwa kutishwa na neno "nashiza" si radhi.

Lakini usiufunge mlango wa wema. Zaynab, mke wa sahaba Ibn Mas'ud, aliuliza kama sadaka yake kwa mumewe inatosha, Mtume (s.a.w.) akasema ana malipo mawili: ya udugu na ya sadaka. Kama deni la mumeo ni la kweli na moyo wako unakubali, msaidie. Mwambie kwanza akuonyeshe daftari la duka na nani anamdai. Ukitoa kwa mkopo, muandikiane mbele ya mashahidi, kama Suratul Baqara aya ya 282 inavyoagiza. Kati ya mume na mke, kuandikiana si kutoaminiana. Ukiona huwezi, mwambie hapana kwa upole, ukiwa naye peke yake, wala si mbele ya watoto. Akiendelea kukulazimisha, waite wazee wa pande zote mbili kabla bangili hazijafika kwa sonara.

Wallahu a'lam.