Tundu la kitasa kwenye mlango wa bati: maswali na majibu

Barua za safari hii karibu zote ni za jambo moja: mlango uliovishwa bati, uwe wa mbao ndani au wa povu, na tundu la kitasa cha mviringo. Wengi mmeuliza bati linakatwaje. Nitajibu. Lakini bati la mlango wa kawaida wa nyumba halifiki unene wa milimita moja, wala silo litakalokusumbua. Kinachokishika kitasa kiko nyuma ya bati, na hicho aliyekiuliza ni mtu mmoja tu.

Fundi, tundu la kitasa lina upana gani? Nataka kutoboa kesho.

Kitasa chenyewe umeshanunua? Kama bado, kesho pumzika.

Swali hili halikosekani, na kila mara muulizaji ana drili mkononi na hana kitasa. Haya: vitasa vingi vya mviringo vinataka tundu la milimita 54 usoni mwa mlango na la milimita 25 ubavuni, pale ulimi (kile chuma kinachotoka na kuingia kwenye fremu) unapopita. Kutoka ukingo wa mlango hadi kitovu cha tundu kubwa ni milimita 60 au 70. Hiyo "au" ndiyo iliyoharibu milango mingi kuliko wezi. Baadhi ya ndimi hurekebishika zikakubali vipimo vyote viwili, nyingine ni za kipimo kimoja tu. Pima pia unene wa mlango. Wa nje mara nyingi una milimita 44 au 45, wa chumbani 35, na si kila kitasa kinachobana huu kitabana ule. Ndani ya boksi la kitasa mna karatasi iliyochorwa vipimo vyote. Ndiyo ile mnayoitupa pamoja na boksi.

Habari ya kazi, fundi. Mlango wangu ni wa povu, una bati pande zote mbili na haujatobolewa popote. Nina drili na msumeno wa kikombe. Nianze upande gani nisije nikalichana bati?

Anza upande wowote, ila usimalizie upande huohuo. Bati likikatwa kutoka upande mmoja tu, kule msumeno unakotokea hupasuka na kujikunja kama mdomo wa kopo lililofunguliwa kwa kisu, na hakuna kifuniko cha kitasa kitakachoficha aibu hiyo.

Mlango uache kwenye bawaba zake, wazi, na uubane kwa kabari chini usicheze. Weka karatasi ya vipimo, tia alama, kisha gonga kitovu kwa senta panchi, chuma chenye ncha cha kugongea alama, upate kishimo cha kuishika ncha ya biti. Pasipo kishimo hicho biti itateleza na kuchora mstari kwenye rangi. Toboa kwa biti ya milimita 3 mpaka itokee upande wa pili, ukiangalia drili isiinamie chini wala pembeni. Mwite mtu asimame ubavuni akutazamie, maana wewe uliye nyuma ya drili huoni. Tundu likishatokea, lipanue hadi milimita 6, au upana wowote ule wa biti ya katikati ya msumeno wako.

Mbona tusipime tu mara mbili, upande huu na ule? Kwa sababu ubavu wa milango mingi haukukatwa mraba. Umelazwa kidogo, kama nyuzi 3, ili mlango usikwaruze fremu unapofungwa. Kwenye mlango wa milimita 45, mlalo huo unaleta tofauti ya zaidi ya milimita 2 kati ya uso mmoja na mwingine. Ukipima kila upande kutoka ukingo wake, matundu yako hayatakutana, na kitasa kitakaa upande huku kikikwama kila unapokizungusha. Pima upande mmoja, ule ambao karatasi imeelekeza, na tundu dogo litakupeleka upande wa pili.

Sasa shika msumeno. Kata bati la upande wa kwanza, ingia kwenye povu sentimita moja na nusu hivi, simama. Zunguka upande wa pili, ingiza biti kwenye tundu lilelile, kata bati, endelea mpaka mikato ikutane. Drili ishike kwa mikono miwili, na mpini wake wa pembeni uwe umefungwa. Msumeno ukinasa wakati bati linaachia, drili huzunguka yenyewe na kuupinda mkono wa aliyeishika. Miwani ya kinga vaa. Glavu za kitambaa vua, kwani chuma kinachozunguka kikiudaka uzi mmoja kinavuta kiganja kizima.

Ubavu unatobolewa mwisho. Kama ukingo ni wa mbao, biti bapa ya milimita 25 inatosha. Kama umefunikwa bati, fungua bati kwanza kwa msumeno mdogo wa kikombe, ndipo uingize biti ya mbao, vinginevyo utaiua biti bapa kwa sekunde chache. Fuata uso wa mlango, usifuate mlalo wa ubavu, na endelea mpaka utokee kwenye tundu kubwa.

Na fanya kazi hii asubuhi. Mlango wa nje wenye tundu la kupitisha ngumi, jua limeshazama na kitasa hakijakubali, ni usiku mrefu.

Naweza kutumia grenda?

Hapana.

Nimeona nirefushe kidogo, maana mmoja ameandika kwamba jirani yake alikata bati kwa moto wa mtungi wa gesi. Diski ya grenda inakata mstari ulionyooka na wewe unataka duara. Utapata pembe nane zisizolingana. Hilo ni dogo. Kubwa ni cheche. Ndani ya mlango huo mna povu, nalo povu la poliurethani linashika moto na kutoa moshi wenye sumu, ikiwemo sianidi. Linaweza kufukuta ndani ya bati bila wewe kuona kitu. Mwambie jirani ameponea chupuchupu.

Msumeno wangu ulianza kutoa moshi kabla sijamaliza bati la kwanza, meno yakaisha. Nimeuziwa feki?

Pengine, ila kabla hujamlaumu muuzaji: ulikuwa msumeno wa chuma au wa mbao? Ile ya bei ya chini inayouzwa kwa seti, yenye kikombe chembamba, ni ya mbao. Unaotaka wewe ni wa metali mbili (bi-metal), mwili wa chuma kinachonyumbulika na meno ya chuma kigumu cha kasi, na huwa umeandikwa hivyo.

Pili, ulikwenda mbio. Msumeno wa milimita 54 kwenye chuma cha kawaida unataka kama mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Drili nyingi zikiminywa hadi mwisho zinaweza kufika mara kumi ya hapo. Tumia gia ya chini, minya kidogo, ukandamize kwa nguvu isiyobadilika. Matone machache ya mafuta ya kukatia yanasaidia. Machache, siyo kuulowesha mlango, maana yakinywewa na mbao rangi haitashika. Ukiona chenga zinatoka zimejikunja, unakwenda vizuri. Ukiona vumbi la bluu na kusikia mlio wa kukereza, meno yanapikwa.

Kama bati lako ni la chuma kisichoshika kutu, punguza mwendo zaidi na usiache msumeno uzunguke mahali pamoja bila kukata. Chuma hicho kikisuguliwa bila kukatwa kinakuwa kigumu zaidi, na hapo utaumaliza msumeno wa pili.

Kila nikikaza skrubu za kitasa, bati linabonyea. Nikizilegeza, kitasa kinacheza. Nifanyeje?

Huyu ndiye yule mmoja aliyeuliza kilicho nyuma ya bati. Mlango wako hauna gogo ndani, au unalo na wewe umetoboa pembeni yake.

Milango mingi ya povu huwekewa kipande cha mbao, ndilo gogo, upande wa kitasa, kimefichwa nyuma ya bati, kwa urefu ambao mtengenezaji alitarajia kitasa kikae. Mtu anakuja na wazo lake, anataka kitasa kikae juu kidogo, anatoboa, anaangukia povu tupu. Milango mingine haina povu wala mbao, ina karatasi ngumu iliyopangwa vyumba vyumba kati ya mabati mawili. Skrubu za kitasa kazi yake ni kuvutana, upande huu na ule. Pasipo kitu kigumu katikati, zinavuta bati.

Ungelijua hilo mapema kwa tundu moja la milimita 3 ubavuni, pale pale ulimi utakapopita, ambako halitaonekana tena. Tazama kinachotoka na biti: unga wa mbao, punje za povu, au vipande vya karatasi. Kugonga kwa kidole nako kunasaidia, ila sikio hudanganywa na povu lililoshikana vizuri na bati.

Kwa kuwa umeshatoboa, njia ni mbili. Ya kwanza ni ya haraka: vipande viwili vya bomba dogo la chuma, urefu sawasawa na unene wa mlango, skrubu zipite ndani yake. Ukikaza, kitasa kinakaa juu ya bomba na bati linabaki salama. Vikate kwa uangalifu, maana bomba likizidi nusu milimita kitasa kitacheza maisha yake yote. Ya pili ni ya kudumu: kwangua povu juu na chini ya tundu, chukua vipande vifupi vya mbao ngumu vyenye unene wa nafasi iliyo kati ya mabati, vipitishe kwenye tundu kubwa, visukume kimoja juu kimoja chini, vishike kwa gundi ya ujenzi. Acha vikauke usiku kucha ndipo ukaze. Mimi ningefanya ya pili hata kama inachosha, kwa sababu mlango unaosukumwa kila siku hauachi kukaza na kulegeza.

Sehemu iliyokwisha kubonyea haitarudi. Nunua kitasa chenye kifuniko kipana.

Tundu la zamani ni dogo, kama milimita 40. Nikiweka msumeno wa 54 unarukaruka kwa sababu katikati hakuna kitu. Nikikaza mkono si itatosha?

Haitatosha, na utakwangua rangi kuzunguka tundu lote. Chukua ubao, utoboe kwa msumeno huohuo wa 54, kisha uufunge juu ya mlango kwa klempu mahali unapotaka tundu jipya. Ondoa biti ya katikati. Tundu la ubao ndilo litakaloongoza kikombe. Rudia upande wa pili. Wengine huziba tundu la zamani kwa kigogo cha mbao ili biti ipate pa kushika, nako ni sawa mradi kigogo hakizunguki.

Nimetoboa nikapima 70 kumbe ulimi ni wa 60. Mlango ndio umekwisha?

Haujaisha. Tafuta ulimi wa 70. Ungekosea kinyume chake, jibu lingekuwa vivyo hivyo.

Ofisini kwetu kuna mlango mzito wa bati unaotenganisha ngazi na korido. Bosi anataka uwekwe kitasa cha kawaida, ameniambia nitoboe mwenyewe.

Weka drili chini. Mlango wa ngazi ofisini mara nyingi ni wa kuzuia moto. Angalia ubavu wa upande wa bawaba au juu yake utafute kibao kidogo cha cheti, hata kama kimepakwa rangi. Ukikikuta, tundu la milimita 54 lililokatwa papo hapo linauondolea mlango sifa yake. Kanuni ya Marekani ya milango ya kuzuia moto, NFPA 80, kwa mfano, haikubali tundu la duara lizidi inchi 1 linapotobolewa mlango ukiwa tayari umefika kwenye jengo, isipokuwa lile la silinda ya kitasa, yaani sehemu inayoingia ufunguo. Kwingine kuna kanuni zake, lakini nia ni ileile: moshi usipite watu wakiwa ngazini wanakimbia.

Halafu kuna hatari nyingine ambayo bosi hakukutajia. Milango ya zamani ya kuzuia moto mingi ilijazwa asbesto, na kuitoboa ni kulipuliza vumbi hilo kwenye mapafu yako na ya wenzako. Mlango ukiwa mkongwe na hakuna anayejua una nini ndani, hata tundu la milimita 3 la kuchungulia usilitoboe. Mwambie bosi aandike maagizo hayo kwa maandishi. Nadhani hataandika.

Baada ya kukata, nipake nini ukingoni?

Piga tupa laini mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, kisha praima yenye zinki, kabla ya kufunga kitasa na siyo baada. Zoa pia chenga zote kizingitini na kwenye bawaba siku hiyohiyo. Zikilowa zinashika kutu, na doa lake kwenye rangi nyeupe halitoki.

Kitasa kimekaa vizuri. Sasa mwizi hapiti, sivyo?

Anapita. Ulimi wa kitasa cha mviringo umechongwa mshazari ili mlango ujifunge wenyewe, na kwa mshazari huohuo, kitasa kisipokuwa na kizuizi cha pembeni, kadi ngumu inaweza kuurudisha. Mlango wa nje ongezea komeo la ufunguo juu yake. Watengenezaji wengi huliweka milimita 140 kutoka kitovu hadi kitovu, na mara nyingi ni tundu la 54 tena, kwa hiyo msumeno bado unao. Angalia tu kama gogo la ndani linafika huko juu.

Kisha tazama upande wa fremu. Kile kibati kinachopokea ulimi kimeshikwa na skrubu mbili fupi, zile zilizokuja kwenye boksi, na mlango ukipigwa teke ndizo zinazong'oka kwanza. Kama fremu ni ya mbao, zitoe, weka za milimita 75 zinazovuka fremu na kuingia kwenye nguzo iliyo nyuma yake.