Jibu: Namna ya kutambua strofi na antistrofi

Ndugu mwulizaji, umeeleza kwamba umesoma Antigone, tamthilia ya Kigiriki cha kale ya Sophocles, kwa tafsiri na huoni tofauti kati ya strofi, yaani ubeti wa kwanza katika jozi ya beti za wimbo wa kwaya, na antistrofi, ubeti wa pili unaoujibu, ilhali unatakiwa kuchambua muundo wa nyimbo za kwaya. Si ajabu, kwa sababu kinachoziunganisha ni mizani, nayo aghalabu hupotea katika tafsiri. Mizani hiyo si idadi ya silabi tu, kama katika mashairi yetu ya kimapokeo, bali ni mpangilio wa silabi ndefu na fupi ambao antistrofi huurudia mstari kwa mstari.

Anza na wimbo wa mstari wa 332 hadi 375, unaosifu werevu wa binadamu. Una jozi mbili, wala hauna epodi, yaani ubeti wa kufungia usio na mwenzake. Tafuta nakala yenye Kigiriki upande wa pili, kisha linganisha mstari wa 360 na wa 370: strofi ina "pantoporos aporos", mwenye njia zote kando ya asiye na njia, na mahali pale pale antistrofi inajibu "hypsipolis apolis", aliyetukuka mjini kando ya asiye na mji. Kwa maoni yangu, insha nzima inaweza kujengwa juu ya mgongano huo.

Maelezo kwamba kwaya ilizunguka upande mmoja kwa strofi na kurudi kwa antistrofi yatumie kwa tahadhari, kwani yanatoka kwa waandishi wa zama za baadaye sana. Ukilazimika kupima mizani mwenyewe, mwone mhadhiri anayesoma Kigiriki, maana baadhi ya mistari imeharibika katika miswada.