Durban: Anzia Sokoni, Bahari Itakungoja

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mume wangu ana mkutano wa kazi Durban mwezi Juni, nami nafuatana naye. Yeye atakuwa ukumbini kutwa, mimi nitabaki na siku nne za kwangu. Hoteli imetuletea orodha: ufukwe, maduka makubwa, na jumba la samaki lenye papa. Mimi ni mtu wa Tanga, bahari nimekua nayo. Je, kuna cha kuona zaidi ya hayo? Na ni kweli kwamba kule wako Wazanzibari?
*Mama wa Wawili, Tanga*

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimeishi Durban miaka mitatu, nikipanga chumba Berea, mtaa wa mlimani juu ya mji. Swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niiweke barua yako juu ya nyingine zote, basi naanza nalo.

Ni kweli, wako. Mwaka 1873 manowari za Kiingereza, zilizokuwa zikikamata majahazi ya watumwa katika bahari yetu hii, zilianza kuwashusha Durban watu waliookolewa. Zaidi ya mia tano walifika katika miaka michache iliyofuata. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini kwa kuwa walipitia Unguja waliitwa Wazanzibari, na jina likawaganda. Usidhani waliachiwa waende zao. Walifungwa kwa mikataba ya kazi ya miaka mitano. Baadaye Waislamu miongoni mwao walipata makazi King's Rest, kwenye rasi ya Bluff inayoikinga bandari, katika ardhi iliyonunuliwa na wadhamini wa msikiti wa Juma Masjid. Serikali ya ubaguzi ilipokuja na sheria ya kugawa mitaa kwa rangi, ilishindwa iwaweke wapi watu weusi wenye dini na desturi zao. Ikawaandika "Waasia wengine", na miaka ya 1960 ikawahamishia Chatsworth, katika mitaa ya Wahindi. Hadi leo wako huko, sehemu iitwayo Bayview.

Nilikwenda Bayview Ijumaa moja. Bibi mmoja alinikaribisha kwake baada ya sala, akanishika mkono tangu mlangoni hadi kwenye kochi, hakuuachia. Kiswahili chake kilikuwa maneno machache aliyoyapata chuoni alipokuwa mtoto, mengine yote Kimakua na Kiingereza. Aliniuliza Unguja ikoje. Mimi niliyepanda boti ya Unguja mara nisizozihesabu nilikosa pa kuanzia, maana yeye amebeba jina la kisiwa hicho maisha yake yote bila kukiona. Ukienda, nenda kama mgeni anayebisha hodi, wala usitangulize simu ya kupiga picha. Vaa buibui lako na mchukulie mwenyeji wako zawadi ndogo. Tende au halua yatosha.

Sasa mji wenyewe. Siku ya kwanza amka mapema uende Warwick, kwenye makutano ya reli, mabasi na teksi. Kuna masoko tisa yaliyoshikana, na malaki ya watu hupita hapo kila siku. Ninalolipenda mimi ni soko la dawa za asili, limekaa juu ya daraja la barabara ambalo halikumalizwa kujengwa. Wauzaji wamelijaza magome, mizizi na mafungu ya mitishamba, na harufu utaikuta kabla hujapanda ngazi. Chini yake kuna akina mama wanaochemsha vichwa vya ng'ombe na kuvikata kwa panga, unakula na mkate uliopikwa kwa mvuke. Jirani ni Soko la Alfajiri, la mwaka 1910. Mwaka 2009, Kombe la Dunia likikaribia, jiji lilitaka kulibomoa lijenge maduka makubwa. Wauzaji walikataa, wakasimama kidete, na soko lipo. Ukinunua nyanya pale, jua unanunua kwa watu walioipigania meza yao.

Usiende Warwick peke yako. Shirika la Asiye eTafuleni, linalofanya kazi na wauzaji hao, hutembeza wageni, na wauzaji wanawafahamu. Mimi nilijifanya mwenyeji, nikatoa simu katikati ya njia panda, na kijana akaondoka nayo kabla sijapiga picha ya pili. Salimu kwanza: *sawubona* kwa mmoja, *sanibonani* kwa wengi. Mwanamke mzima mwite *Mama*, bibi kizee mwite *Gogo*. Utaona Kizulu si kigeni kwako: nyama ni *inyama*, nyoka ni *inyoka*, maji ni *amanzi*.

Siku ya pili nenda Inanda, kama kilomita 25 hivi kutoka mjini. Pale Phoenix, Gandhi alianzisha makazi yake mwaka 1904, na si mbali ipo Ohlange, shule ya John Dube, rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Mandela alichagua kupigia kura yake ya kwanza hapo, 1994, kisha akaenda kaburini kwa Dube kumpa taarifa kwamba nchi imekuwa huru. Kwa mtu aliyelelewa kuwatolea taarifa wazee makaburini, mahali hapo panagusa.

Siku ya Bayview iwe Ijumaa. Inayobaki, pumzika kwenye Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa 1849, kuingia ni bure. Uliza ulipo mti uitwao *Encephalartos woodii*, jamaa wa mtapo wetu. Ulipatikana dume mmoja tu katika msitu wa oNgoye mwaka 1895, na jike hajaonekana mpaka leo. Yote iliyopo duniani ni machipukizi ya dume huyo.

Bahari uiendee asubuhi, na uogee baina ya bendera za waokoaji tu. Maji ni ya vuguvugu, mkondo wake unashuka kutoka mlango wa Msumbiji, lakini usiyazoee kama ya Tanga. Kwetu matumbawe huyavunja mawimbi mbali. Kule yanakuja mazima mpaka miguuni. Juni jua huzama saa kumi na moja jioni, na usiku kuna baridi, chukua sweta.

SWALI

Shangazi, rafiki yangu aliyesoma Durban anasifia chakula kiitwacho "bunny chow". Ni nyama ya sungura?
*Msomaji, Kigali*

JIBU

Hapana, mwanangu, sungura hahusiki. Ni robo au nusu ya mkate wa boflo, imechimbwa ndani ikajazwa mchuzi wa mbuzi, kuku au maharage. Ulitoka kwa Wahindi wa Durban, na wengi husema jina limetokana na "bania", yaani mfanyabiashara wa Kihindi. Kwenye mitaa ya karibu na Juma Masjid utaupata wa halali. Huletwa na kachumbari ya karoti, kitunguu na pilipili, na huliwa kwa mkono. Anza na kile kipande cha mkate kilichotolewa ndani, huwekwa juu kama kifuniko. Chovya mchuzi, kisha umega kuta taratibu kutoka juu. Ukianza chini, mchuzi wote utakumwagikia.