Zambezi kwa mtumbwi: ulizia kiongozi kabla ya kuulizia choo

Tangu nirudi Zambia, kila anayenipigia simu anauliza mambo mawili: kambi ilikuwa na choo, na simba usiku hamkuwasikia? Choo kilikuwepo. Shimo, kiti cha mbao, uzio wa matete, na juu hakuna paa, kwa hiyo unajisaidia huku ukihesabu nyota. Simba tuliwasikia. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za kiongozi wetu, yule bwana aliyekaa kwenye mtumbwi wa mbele na kafi lake, na mimi mwenyewe wakati nalipa sikuuliza. Nilikuwa na bahati tu.

Tulikwenda wawili, mimi na shemeji yangu, mwezi Agosti, kwenye kambi ndogo ya mahema katika Hifadhi ya Taifa ya Lower Zambezi. Mtanzania haombi viza kuingia Zambia, hilo ni la kushukuru. Mto wenyewe ndio mpaka: kambi iko upande wa Zambia, na ng'ambo ni Mana Pools ya Zimbabwe, ambayo imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1984. Maana yake usijishukie ufukwe wowote unaokuvutia ukapige picha. Ule mchanga mzuri unaweza kuwa nchi nyingine.

Sasa mtumbwi. Watu wanaogopa mamba, na ni sawa, usiburuze vidole majini kama uko kwenye sinema. Ila mwenye kuamua safari yako ni kiboko. Usiku anakula majani nchi kavu, alfajiri anarudi mtoni, na akishtuka anakimbilia penye kina. Ukikaa kati yake na kina umemfungia mlango, naye hana subira ya kubisha. Ndiyo maana viongozi wazuri hupitisha mitumbwi kwenye maji mafupi na kumwachia yeye maji marefu.

Asubuhi ya pili tulikuwa tunakaribia kona, kiongozi akainua mkono. Akageuza kafi akagonga ubavu wa mtumbwi: ko, ko, ko. Kimya. Halafu vichwa vikaanza kuibuka kimoja kimoja, masikio yakipukuta maji. "Mvuu," akasema kwa Kinyanja, akawa anahesabu midomo ikicheza. Niliona sita, nikashika kafi nianze kusukuma. Akatikisa kichwa. Jana walikuwa saba. Tukaegesha pua za mitumbwi mchangani, shemeji akinung'unikia mgongo wake, zikapita dakika nne, tano hivi. Wa saba akaibuka palepale nilipotaka kupita, akapuliza maji puani, akatutazama. Shemeji mgongo ukapona.

Kwa hiyo kabla hujatuma pesa, uliza: kiongozi ana leseni ya kuongoza mitumbwi, au ni dereva wa gari la safari aliyeazimwa? Kwenye kipande hicho cha mto ana miaka mingapi? Anachukua mitumbwi mingapi kwa wakati mmoja? Upepo ukivuma mnafanyaje? Jibu la swali hilo la mwisho sikilizeni kwa makini. Agosti na Septemba upepo unapanda mto, unakupiga usoni, na mawimbi yanaingia chomboni. Wetu alitutoa kambini saa kumi na mbili asubuhi kukiwa na baridi ya kukunja vidole, na kabla jua halijawa kali tulishamaliza. Kambi inayokuahidi kuondoka "mkishaamka na kunywa chai taratibu" ningeiogopa kuliko mamba.

Kupiga kafi si kazi ya misuli, mto unakubeba. Kazi ni kwenda mnakotaka. Wa nyuma ndiye anayeelekeza, wa mbele anatoa nguvu na kutazama visiki. Sisi tulianza kinyume, shemeji mwenye mikono mizito nyuma, tukazunguka kama pia hadi tukakwama kwenye fungu la mchanga. Kofia yangu iliporuka nikainuka kuidaka. Mtumbwi ukalala ubavu, maji yakaingia kiasi cha sufuria mbili. Sikugombezwa. Kiongozi alinitazama tu, kisha akaifuata kofia yenyewe chini ya mkondo. Fungeni kofia kamba. Miwani pia. Simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mfuko wenyewe ufungwe kwenye mtumbwi.

Nguo: mikono mirefu, kwa sababu jua linakupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Rangi ya kaki au kijani kilichofifia. Shemeji alikuja na jinzi mpya ya bluu nzito, na mbung'o wanapenda bluu na nyeusi. Kila tuliposhuka nchi kavu alikuwa anajichapa makofi mwenyewe. Dawa za malaria anzeni nyumbani kama daktari atakavyowaelekeza, na msiogelee kwenye vidimbwi vilivyotulia pembeni hata joto liwe kali vipi. Mbali na mamba, kuna kichocho.

Kuhusu miezi: kambi nyingi za bondeni hufungwa msimu wa mvua kwa sababu barabara hazipitiki. Juni na Julai kuna baridi asubuhi, viboko wanatoka kuota jua ukingoni. Oktoba joto linaweza kufika nyuzi 40, lakini tembo wamejaa kufuata matunda ya mgunga mmoja wa ajabu, unaopukutisha majani wakati wa mvua na kuchipua kiangazi. Sikuufikia msimu huo.

Kuoga ni ndoo iliyotundikwa mtini, maji yamechemshwa kwa kuni, unavuta kamba yanamwagika. Jilowesheni, fungeni, pakeni sabuni, ndipo mfungue tena. Nilisimama na povu kichwani ndoo ikiwa tupu, nikaita, aliyekuja na maji alikuwa anacheka tangu jikoni.

Na matunda msilaze hemani. Shemeji alikuwa na machungwa matatu kwenye begi, ya kula njiani. Mlinzi aliyekuwa anatusindikiza na tochi akasikia harufu, akasimama mlangoni, akanyoosha mkono bila kusema neno mpaka alipopewa yote matatu. Usiku ule tembo alipita nyuma ya hema letu. Tulisikia tumbo lake likinguruma na matawi yakivunjika, karibu kiasi kwamba turubai lilitikisika. Shemeji akaninong'oneza, "Njovu?" Lile neno alilijifunza mchana, akalifurahia kwa sababu linafanana na letu la ndovu. Nikamwambia anyamaze. Mle hemani palikuwa bado pananuka machungwa.