Walimu wapya wa kemia, Nakuru maji hayangoji 100

Nimepitia madaftari ya wanafunzi mliyosahihisha ninyi mliokuja kwa mazoezi ya kufundisha. Kila kundi limeandika kwamba maji yalichemka kwa nyuzi 100. Hapa Nakuru! Mliyaona wapi?

1. Tuko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa inavyoyakandamiza maji, ni ndogo, kwa hivyo maji yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi. Kisumu, kule chini ziwani, ni karibu 96. Hiyo 100 waachieni wenzenu wa Mombasa.

Siwacheki nikiwa msafi. Nilipoanza kazi, msichana mmoja aliniletea 94. Nikamwambia kipimajoto kimeharibika, achukue kingine. Akarudi na 94. Nikamfokea mbele ya darasa kwamba hajui kusoma vipimo. Akafuta, akaandika 100, na grafu yake ya nyuzi dhidi ya dakika ikaruka juu pale ilipopaswa kulala. Nikampa alama zote! Fundi wa maabara, mzee mpole, alisubiri watoto watoke ndipo akaniuliza, “Kwani mwalimu, vipimajoto vyote vimekula njama?” Nilijifanya napanga chupa. Baadaye nilimwomba yule msichana msamaha, akasema tu “sawa, mwalimu.” Lakini tangu siku hiyo kila matokeo aliyoniletea yalikuwa yale ya kitabuni, barabara kabisa, na nilijua ni nani aliyemfunza hivyo.

2. Ukishuku kipimajoto, kitie kwenye barafu inayoyeyuka. Mwinuko hauibabaishi barafu, kisome 0.

3. Naftalini, ile ya vidonge vya kufukuza nondo, iyeyusheni ikiwa ndani ya neli iliyotiwa kwenye maji moto, kamwe si juu ya moto wenyewe: inayeyuka kwenye nyuzi 80 na mvuke wake unawaka. Madirisha wazi, tafadhali.

4. Grafu ikilala, joto halijapotea. Linalegeza mshikamano wa chembe: gramu moja ya barafu ya nyuzi 0 inameza jouli 334 hivi za nishati kabla haijawa maji ya nyuzi 0 ileile. Kuyageuza maji yanayochemka kuwa mvuke kunataka jouli 2,260 hivi kwa gramu, ndiyo maana mvuke unaunguza kuliko maji. Juzi mmoja wenu alifungulia gesi yote ili “grafu iamke.” Ikalala vilevile, ila kwa muda mfupi zaidi, kisha bika, kile chombo cha kioo cha kuchemshia, likapasuka. Jamani, bika ni za shule, si za chuo chenu.